Tatu Iliyokwenda Kushoto

Mbugangari, Gisenyi
14 Agosti 1956

Kwa kaka yangu mpenzi Muhamadi,

Unisamehe, miezi minne imepita bila kukuandikia. Mtoto anaota meno, na mkono wangu mmoja ni wake mchana kutwa. Kifua chako kimepona huko Bukavu? Sisi hatujambo. Faradji mume wangu iko na cherehani yake, anakusalimu.

Kaka, nimechoka. Yale masomo ya posta uliyoyaacha kwangu ulipopata kazi, niliyaendeleza, maana nakitaka kile cheti cha kufundisha. Somo la tisa limenitoa machozi. Walitaka mchoro wa mbili yenye kipeo x, kisha tuongeze tatu huko huko kwenye kipeo. Bon, nani anaongeza akarudi nyuma? Nikausogeza hatua tatu kulia. Ukarudi na wino mwekundu: kushoto. Nikabisha, nikatuma vile vile. Ukarudi tena. Faradji akasema ningekuwa fundi, wateja wangetembea na miguu yote miwili katika upande mmoja wa suruali.

Nikachukua karatasi yake nyembamba ya kukatia nguo, nikaunakili mchoro, nikautelezesha juu ya karatasi ya miraba. Ile nane iliyokuwa ikingoja mpaka x ifike tatu, sasa inapatikana x ikiwa sifuri. Anayepanda viazi siku tatu mapema anavila siku tatu mapema. Kwenye kalenda vimerudi nyuma. Nikaona pia kwamba kuzidisha kila kimo mara nane kunaleta mchoro ule ule. Na tatu ikikaa nje ya kipeo, mchoro wote unapanda, pamoja na mstari wa chini usioguswa kamwe. Kwa nini kitabu hakikusema hivyo tangu mwanzo? Kinasema tu, sogeza.

Sasa usinikasirikie. Bahasha zote nilizituma kwa jina lako, kwa kuwa uliandikishwa wewe. Jana imekuja barua ya kumsifu Bwana Muhamadi na kumwita kwenye mtihani wa mdomo, huko Bukavu, tarehe kumi Septemba. Najua utasema uende wewe, mimi nina mtoto. Hapana, kaka. Wakikuuliza kwa nini kushoto, utajibu nini? Nakuja mwenyewe kwa meli, mtoto mgongoni. Faradji amekubali.

Wifi na watoto uwasalimie sana. Naomba unitumie mapema karatasi kumi za miraba, rula isiyopinda, penseli mbili ngumu, na barua yenye sahihi yako, iseme wazi kwamba masomo matano ya kwanza uliyafanya wewe, na saba yaliyofuata niliyafanya mimi,

mdogo wako,
Nyirasafari