Sarafu ya Baba Yenu Haiendi Kupimwa

Fundi wangu,

Chai iko kwenye chupa. Mdogo wako anywe dawa saa mbili, hata akijidai amepona.

Ile sarafu ya fedha ya baba yenu ~~mpelekee sonara aitume kwa wataalamu~~ usiipeleke popote; niliyofuta niliandika kabla sijaiona.

Asubuhi nimeikuta inang'aa kama jino la bandia, na dawa ya mswaki imekwisha. Nimekimbia nayo kwa sonara. Akatikisa kichwa: "Mama, jana ilistahili kupimwa. Wataalamu wa sarafu kuukuu wanataka weusi wake wa miaka mingi. Ikishasuguliwa daraja la ubora wanaloipa linashuka, ada itazidi bei yake." Najua ulitaka ipendeze ipate daraja la juu. Haraka hiyo umeirithi kwangu, pole sana.

Lakini ule mlango uliousikia niliporudi, sikuubamiza kwa ajili ya daraja. Ule weusi kwenye maandishi ulikuwa grisi ya cheni za baiskeli, ya kidole gumba cha baba yenu. Tangu tumzike, kila asubuhi nainusa kabla ya kuwasha jiko, na mtu anakuja kusimama nyuma yangu, kimya, akingoja chai. Sikuwaambia, mngesema mama kapata wazimu. Leo imenukia minti. Nimegeuka, hapakuwa na mtu.

Usilie, kosa halikuwa la ubaya. Karakana yake ya baiskeli sasa ni yako, na mikono yako michafu kuliko ya marehemu. Sarafu itie mfukoni, izungushe kwa gumba siku nzima kama yeye. Na leo, kwa mara ya kwanza tangu nikuzae, nakukataza kunawa mikono.

Mama yako