Moshi Uliotoka Ukutani

Alhamisi, Kitengela

Ni kuta. Kinachochafua vipimo vyangu si jiko la Mama Sein, anayechoma mahindi nje ya maabara, ni kuta za chemba yangu mwenyewe, hilo sanduku la plastiki ninamochunguzia hewa chafu.

Leo asubuhi nilijaza ndani hewa safi ya mtungi, sikuweka gesi yoyote, nikawasha taa. Mashine ikasoma uchafu uleule. Kumbe plastiki hunyonya gesi za majaribio ya nyuma, kisha ikipata mwanga inazirudisha polepole. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeanza kwa kupima hilo.

Na mimi wiki jana nilimfokea yule mama mbele ya wateja wake, eti moshi wa mahindi yake unaniharibia kazi. Akabeba jiko akahamia ng'ambo ya barabara, kwenye jua, mahali hakuna mtu anasimama.

Jioni nilivuka ili nimwambie ukweli. Kabla sijafungua mdomo, akanichagulia hindi laini, akalipaka ndimu na pilipili.

"Daktari, tangu nitoke pale, hewa yako imekuwa safi?"

Nikasema, "Imekuwa safi, mama."

"Basi nashukuru Mungu," akasema. "Sikuhama bure."