Makoti ya Kijijini kwa Tilak

Adelphi, Maryland
16 Desemba

Kaka yangu mpendwa Kalisti,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta goti limeshapona, wifi Edah hajambo na watoto wamefunga shule salama. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila usingizi umenikimbia, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata upenyo wa kuhamisha mazungumzo. Unanijua.

Umeniuliza mara mbili kama ile kahawa ya kutafuna uliyompa mtoto wa Gregori aniletee ilifika. Ilifika, pakiti zote mbili. Sijakujibu ilikokwenda, na usidhani ni kiburi. Nitafika huko.

Mwanzoni mwa Novemba kulitokea tetemeko Nepal, milimani upande wa magharibi. Huenda mliliona kwenye taarifa ya habari. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, huko Germantown, yupo Mnepali mmoja anaitwa Tilak. Yeye yuko kwenye ufuaji, mtu mkimya, miaka miwili tunapishana korido kwa salamu tu. Kijiji chao chote kilianguka. Mama yake, bibi wa miaka sabini na nane, alitolewa mzima chini ya kifusi, akawekwa kwenye turubai katikati ya shamba la mahindi, na huko theluji huanza Desemba. Tilak alinionyesha picha ya lile turubai. Kaka, nilikaa chini juu ya mashuka machafu. Sikumwona mama yake, nilimwona mama yetu baada ya tetemeko la Bukoba, ile miezi minne aliyokohoa kwenye turubai mpaka akafariki, huku tunasubiri mabati ya msaada.

Nikalipeleka jambo kwenye jumuiya yetu ya kanisani. Mwenyekiti wetu ni Laure, mama wa Bukavu asiyejua kungoja. Katika wiki mbili tulikuwa na makoti ya baridi mia mbili na kumi na mbili. Chama cha Wanepali kilikuwa kimepata nafasi kwenye ndege ya mizigo, kikakubali makoti yetu yaandikwe jina la kijiji cha Tilak, yafike kabla barabara za mlimani hazijafungwa. Mimi nilipewa kazi ya kushona vifungo na kurekebisha zipu, nikaifanyia nyumbani kwangu kila nikitoka shifti.

Tuliyapeleka kwa Tilak huko Herndon, jimbo la Virginia, kwenye garaji yake, kwa vani ya Jahi. Jahi ni Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, na anakitamka silabi kwa silabi mpaka unatamani umsaidie. Tulikuwa tumeshaondoka nilipokumbuka kwamba miwani yangu nimeisahau, akageuza gari. Mlango wa garaji ulikuwa nusu wazi. Nikawaona Tilak na mkewe wamechuchumaa, wanashika koti moja moja, wanapekua mifuko yote mpaka ya ndani, wanatoa vitu na kuvitia kwenye kopo. Sikubisha hodi. Nilirudi garini bila miwani nikamwambia Jahi twende.

Tangu hapo macho yangu hayakutulia. Niliona saa mpya mkononi mwa Tilak, nikajiuliza imetoka wapi. Akipigiwa simu akatoka nje, nilisema huyo ni mnunuzi wa makoti. Akinisalimia, ananipima. Asiponisalimia, anaficha. Siku aliponirudishia miwani, ameifuta vizuri na kuifunga kwenye kitambaa, nilijua ananiambia kwamba aliniona pale mlangoni. Nilimkumbuka yule mtu wa kamati ya maafa wa kwetu aliyekuwa anakuja na daftari kumpa mama pole, kumbe mabati yetu ameyaezekea banda lake la ng'ombe. Naye alikuwa na adabu sana. Mimi watu wenye adabu ndio ninaowaogopa.

Nikamwambia Laure. Hata hakusubiri nimalize. Jumuiya ikakaa, Tilak hakuitwa. Jahi peke yake ndiye aliyeuliza kama isingefaa kumsikiliza mwenyewe kwanza. Nilimjibu kwamba yeye mama yake hajawahi kulala kwenye turubai. Basi nikajiona nimeshinda.

Jumanne tukaenda kuyachukua makoti. Tilak alitueleza kwamba ndege inaondoka Alhamisi na tukiyatoa nafasi yetu inachukuliwa na wengine. Kisha akaniomba tuzungumze pembeni dakika moja. Nilisema mbele ya wote kwamba mimi na yeye hatuna cha pembeni. Basi akayabeba mwenyewe mpaka kwenye vani, robota kwa robota, na hakuna aliyemsaidia. Tukamtafuta wakala wa mizigo huku Maryland, akatuahidi kuyasafirisha Ijumaa.

Yaliondoka kweli, lakini hayakufika. Mahali mzigo ulipobadilisha ndege, mkaguzi alitia mkono kwenye koti la kwanza akakuta mbegu kavu mfukoni. La pili vilevile. Mbegu hazikuandikwa popote kwenye karatasi za mzigo, basi makoti yote yakazuiwa, na mpaka leo yako ghalani. Wakala anasema labda Februari. Mizigo ya chama cha Wanepali ilifika tarehe mbili, nimeziona picha za watoto wa vijiji vya jirani wamevaa makoti mazito. Kijijini kwa Tilak theluji ilianguka tarehe nne. Tarehe sita mama yake alifariki. Kifua.

Laure alisema lazima Tilak ndiye aliyetia zile mbegu kwa hasira, kabla hatujayachukua makoti. Kila mtu aliafiki, maana angekuwa nani mwingine. Lakini msiba ni msiba, Jumamosi iliyopita tulikwenda Herndon kumpa pole. Tulimkuta amenyoa kichwa, amevaa nguo nyeupe, amekaa peke yake juu ya mkeka kama wanavyofanya wao. Mkewe akatuletea chai. Laure, kwa nia njema kabisa, alisimama na kusema kwa niaba yetu sote kwamba hayo aliyoyafanya tumemsamehe. Jahi akayatafsiri kwa Kiingereza, taratibu, bila kumwangalia mtu. Yule mke akaweka birika chini, akatoka. Tilak aliniangalia mimi, mara moja tu, kisha akainamisha kichwa na kumshukuru Laure.

Kaka, zile mbegu ni kahawa yako.

Kwetu mgeni hajakaribishwa mpaka ametafuna, wewe ndiye uliyenifundisha kumpokea mtu kwa mikono miwili. Nilipokuwa nashona vifungo sikuweza kuona koti linakwenda kwa mama wa mtu na mfuko mtupu. Nikafunga punje tatu tatu kwenye karatasi, nikatia kwenye kila koti. Sikumwambia yeyote, nilitaka iwe yangu na ya marehemu mama. Hizo ndizo Tilak na mkewe walizokuwa wanazitoa. Tulipoyarudisha makoti, yakalala kwangu ile Jumanne, nikakuta mifuko mitupu, nikasema, huyu hata kahawa ameiba. Nikafungua pakiti ya pili nikatia upya, usiku huohuo, na safari hii nilikuwa natia kwa hasira.

Ingeishia hapo ningekuwa mjinga tu, na mjinga anasameheka. Siku iliyofuata, Jumatano, nilikuta lile kopo mbele ya kabati langu kazini. Ndani yake mlikuwa na kahawa yote ya mwanzo, rozari moja, funguo na glavu ya mtoto, na karatasi. Aliandika kwamba kitu chochote cha kuliwa au cha kuota kikikutwa kwenye nguo zilizovaliwa, mzigo wote husimamishwa. Aliandika kwamba alijua ni zawadi yangu kwa sababu aliwahi kuniona nikitafuna, na kwamba aliniomba pembeni ili asinifedheheshe mbele ya wenzangu. Akanisihi niangalie mifuko kabla ya Ijumaa.

Niliisoma mara tatu. Nilielewa mara ya kwanza. Nilikuwa na siku mbili, na makoti yalikuwa yamepelekwa kwa wakala asubuhi ile, dakika ishirini kwa basi kutoka hapa. Kilichotakiwa ni simu moja kwa Laure. Sikupiga. Nilijiambia huyu anatafuta pa kutokea, na nilipokuwa najiambia hivyo nilijua kwamba si kweli. Ukweli ni kwamba aibu yangu niliipenda kuliko mama yake. Na pale kwenye mkeka, alipokuwa anasamehewa kosa langu, nilikunywa chai yake nikamaliza kikombe.

Usinijibu kwamba bibi wa umri ule angekufa tu. Sisi hatukumruhusu mtu atuambie hivyo kuhusu wa kwetu.

Barua hii nimeiandika nakala mbili. Ya pili nimempa Jahi leo mchana aisome kesho baada ya misa, mbele ya jumuiya nzima, kisha aiweke kwa Kiingereza ampelekee Tilak. Sitaki kusema mwenyewe kwa sababu nikisimama nitaipamba. Jahi aliisoma yote palepale ndani ya vani, mimi nimekaa pembeni yake. Mwishoni aliniuliza tu kama nina uhakika, nikashuka, nikamwambia awashe gari aondoke nayo kabla sijaidai.

Nisalimie wifi Edah, watoto wote, na majirani wanaoniulizia. Usiwaambie kwamba sijambo.

Ni mimi mdogo wako,
Kemilembe