Kumbe Hawakuja Kumposa Kendi

Jumanne. Ukungu umekalia Laare tangu asubuhi, na mimi naogopa.

Nianze hapo hapo, kwa sababu nikizunguka nitachoka kabla sijafika. Ninaogopa mpaka mikono imekataa kazi. Maharagwe ya leo nimeyachambua mara mbili na bado Kendi ameuma jiwe.

Kwa wewe ambaye hujawahi kupita kwenye ukurasa wetu huu wa mtandaoni: mimi ni Juju, ndivyo wajukuu huku Meru wanavyoita nyanya yao. Shule mimi niliipita tu nikienda kuteka maji. Mimi nasema, mjukuu wangu Kendi anaandika. Leo anaandika amenuna, maana jambo hili lilikuja likiwa na sura yake, kumbe halikuwa lake.

Mwenye jambo ni Mwenda, kaka yake mdogo. Mama yao alipokufa niliwachukua wote wawili, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na sijawaweka chini mpaka leo. Mwenda yuko Amerika, chuoni. Anacheza ule mpira wao wa kofia ngumu, unaobebwa kwapani kama kuku wa kuibwa. Yeye habebi. Anaitwa tu pale wanapotaka mtu wa kuupiga teke upite katikati ya milingoti miwili. Anapiga, anarudi kukaa. Akiwa sekondari kule Kanyakine mtu alituma video yake akipiga mpira wetu wa kawaida, watu wa mbali wakauona huo mguu, wakamwita. Chuo kinamsomesha, kinamlisha, kinamlaza. Mguu ndio umemlipia kila kitu.

Kila mechi Kendi akinionyesha kwenye simu mimi huangalia nikiwa nimeziba jicho moja. Wale wanaume wanaomkimbilia ni wakubwa kama lori za mchanga. Nilidhani hiyo ndiyo hofu yangu kubwa.

Sikuwa nimeona kitu.

Jumamosi walikuja wageni. Mbele alikuwa kijana mmoja wa suti, anaitwa Kirimi, kwao ni huku huku Nyambene lakini anakaa Nairobi. Nyuma yake wazee wawili wenye kofia zao. Na mkononi mwa mzee mmoja, ncoolo.

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa, lakini wa mbali wasikie. Ncoolo ni fungu la miraa lililochaguliwa tawi kwa tawi, likafungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Halinunuliwi ili mtu atafune. Linaletwa kwenye boma kuomba msichana. Linawekwa mbele yenu na hakuna maneno mengi. Mkilifungua mmekubali kuongea. Mkiwa hamtaki, linarudi lilivyokuja, na hakuna aliyetukanwa.

Sasa niambie wewe. Kendi ametimiza thelathini. Ana duka lake pale Nchiru anawauzia wanafunzi mkate na karatasi, ana akili, ana meno mazuri, na kila Jumapili natoka kanisani wanawake wananiuliza, "Na huyu wako bado?" Halafu kijana wa suti anaingia kwangu na ncoolo. Na asali. Na blanketi. Ningefikiria nini?

Nilimwita shemeji yangu M'Limbine aje akae upande wa marehemu mzee wangu. Nilimtuma Kendi aweke chai na avae ile nguo ya kijani. Alirudi na chai bila ile nguo, akaninong'oneza kwa hasira, "Juju, huyu mtu hata hajaniangalia!"

Nikamwambia, "Ana adabu. Kaa chini."

Nikakata kamba. Kwa kawaida mzee ndiye anafungua, lakini mimi sikungoja. Nilikata mwenyewe, nikacheka, nikapiga kigelegele kimoja mpaka jirani akachungulia. Kirimi akatoa simu akanipiga picha nikiwa na fungu limefunguka mapajani. Akasema, "Asante sana, Juju. Mwenda atafurahi."

Nikasema, "Afurahi ndiyo, si ni dada yake."

Wakaangaliana.

Hapo ndipo Kirimi alieleza. Yeye ni wakala wa wachezaji. Kuna chuo kikubwa kuliko cha Mwenda, kinamtaka. Huko Amerika siku hizi mchezaji wa chuo anaweza kuhama kama mwalimu anavyohama shule, na kampuni zinamlipa akubali uso wake uwekwe kwenye matangazo. Kuna watu wa kinywaji cha kuongeza nguvu wanaotaka mguu wa Mwenda kwenye chupa zao. Mwenda alikuwa amesita. Alikuwa amemwambia Kirimi, "Mimi nikihama ni Juju amesema." Basi Kirimi, mtoto wa huku, akajua njia ya kupitia.

Ncoolo ya mguu! Tangu nizaliwe sijaona mtu akileta ncoolo kuomba mvulana.

Ningemrudishia pale pale. Najua. Lakini wazee walikuwa wameshatafuna, M'Limbine pia alikuwa ameshajaza shavu, na mimi nilikuwa nimetoka tu kupiga kigelegele. Nikawaongeza chai. Tena nitasema ukweli, kidogo nilifurahi. Mguu wa mtoto wangu kwenye chupa! Waliomba Mungu, wakaenda. Kendi alivunja kikombe jikoni. Anasema kiliteleza.

Hofu yenyewe imeingia leo.

Kendi ameamka mapema akaanza kuniuliza kama askari. Kirimi alisema Mwenda atalipwa vipi? Nikamwambia vile nilisikia, ati hela za tangazo zitakuja huku kwa jina langu, kwa sababu Mwenda yuko kule kwa visa ya masomo. Picha zitapigwa akija Krismasi. Nilimwambia hivyo nikikoroga uji, kwa sauti ya kawaida tu.

Kendi akaacha kuandika bei za mkate. Akasema, "Juju, visa ya masomo ni ya kusoma. Matangazo ni kazi. Mwenda mwenyewe aliniambia ofisi ya wanafunzi wageni iliwakataza kupokea malipo ya mtu yeyote kabla hawajaiuliza. Sasa wewe ndiye wa kufichia hizo hela?"

Nikaacha kukoroga.

Na hakumalizia hapo. Akasema Mwenda akishaweka jina lake kwenye orodha ya wanaohama, chuo chake cha sasa kinaweza kumpa mtu mwingine nafasi yake. Kile kipya kikibadilisha nia, hana shule. Akikosa shule, visa haina kazi. Anafungiwa milango yote miwili akiwa amesimama nje, kwenye baridi, katika nchi ya watu. Ama anarudishwa, ama anajificha. Mwenda hawezi kujificha. Akiwa mdogo tukicheza kujificha alikuwa anacheka mwenyewe nyuma ya gunia.

Nimekalia kigoda changu mpaka uji ukashika chini.

Nyinyi mnaosoma mmewahi kuogopa kitu ambacho hamkioni? Ng'ombe akiugua naona. Mvua ikikataa naona. Lakini hii iko ndani ya kompyuta ya mtu upande mwingine wa dunia, na kumbe mlango nimeufungua mimi, nikicheka.

Tulingoja kule kwao kupambazuke. Huku ilikuwa alasiri. Kendi akampigia Mwenda.

"Juju! Mko salama?"

"Hatuko. Umeshaweka jina?"

"Bado. Kirimi anasema lazima leo, wale wa chuo kipya wanataka jibu."

"Usiweke."

"Lakini si ulifungua? Nimeona picha. Umecheka mpaka meno yote matatu yakatokea."

"Nilicheka kwa sababu nilidhani Kendi anaolewa!"

Mwenda alicheka mpaka akakohoa. Kendi akanyakua simu akamwambia maneno ambayo nimemkataza kuyaandika. Nikasikia nyumba imekuwa nyumba tena, wote wawili wanatukanana kama zamani. Halafu kicheko cha Mwenda kikakatika.

Akasema, "Juju, mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa nangoja ukatae. Nikasema ukikataa, nimepona, nitamwambia Kirimi ni wewe. Halafu nikaona picha, nikajua nimeruhusiwa, nikajilazimisha kutoogopa."

Hilo neno limenikaa hapa, chini ya ziwa la kushoto, na halijatoka.

Nikamwambia hakuna aliyeruhusu kitu. Nikamwambia abaki. Nilimwambia kwa nguvu, kama ninayefukuza nyani shambani. Na yeye hakunijibu kwa nguvu. Alisema pole pole kwamba ninaona upande mmoja. Anakaa chumba kimoja na kijana anayelipwa kwa kutabasamu na viatu. Mechi mbili ngumu walizoshinda, teke la mwisho lilikuwa lake, na jioni ya ile ya pili wenzake walienda kula hotelini, yeye, mfuko mtupu, akasema ana homa. Anavaa koti alilopewa na mama mmoja wa kanisa, lina jina la mtoto wa huyo mama kifuani. Amechoka kushukuru, alisema. Anataka siku moja alipe yeye.

Mjukuu wangu, kwenye theluji, amevaa jina la mtoto wa mtu.

Nikamwambia, "Sijui mambo ya huko. Lakini anayetaka kukupa haki yako haanzi kwa kumtafuta nyanya yako wa kufichia. Enda kwanza kwa hiyo ofisi ya wageni. Waulize mdomo kwa mdomo. Wakisema ni sawa, njoo uniulize mimi, na safari hii nitajua ninaulizwa nini."

Akasema ofisi inafunguliwa baada ya saa moja. Akasema Kirimi anampigia kila dakika. Akasema, "Nitajaribu, Juju."

Nitajaribu. Hakusema nitaenda.

Baada ya hapo nilichukua panga nikaenda kwa ile mikuu, miti ya zamani ya miraa, aliyoacha mzee wangu. Sijagusa miti hiyo kwa muda mrefu, huwa nawaachia vijana wa kuvuna. Nikachagua matawi mwenyewe, mazuri kuliko yale waliyoleta, ili mtu asiseme nimerudisha takataka. Nikafunga kwa majani ya mgomba. M'Limbine amekuja, ametazama, amesema ncoolo ikishafunguliwa hairudishwi, hajawahi kusikia. Nikamwambia hata ya mguu hakuwahi kusikia, na aliitafuna.

Asubuhi M'Limbine ataipeleka kwa kina Kirimi huku huku Nyambene, ikiwa imefungwa. Na blanketi juu. Asali tumeshakula nusu, hiyo nitanunua nyingine kwa watu wa Mbeere wenye mizinga.

Ile saa moja imepita. Na nyingine. Simu iko mapajani mwangu, mahali pale pale palipokuwa na lile fungu, na haijalia. Kendi anasema labda kuna foleni. Mimi naona wale wanaume wakubwa kama lori, wanamkimbilia, na hana mtu wa kumkinga, na safari hii siwezi kuziba jicho.

Je, amekwenda ofisini ama amemjibu Kirimi?

Kendi anauliza tumalize vipi. Andika hivi, mama, uandike vizuri, maana Mwenda husoma ukurasa huu.

Mwenda, ukiona haya kabla hujanipigia, ifute ile picha. Kile kicheko hakikuwa chako, kilikuwa cha dada yako. Chako nimekufungia ndani ya fungu jingine la majani ya mgomba, kiko hapa mezani, na sijakata kamba; nangoja uniulize.