Kimashine cha masikio kutoka kwa mtu wa kwetu

Jumanne. Mvua imeanza kabla sijawasha moto, na mpaka mchana huu haijakata. Kokoa iko ndani chini ya turubai, nyumba nzima inanuka. Magoti yananiuma. Nimechoka, na sisemi hivyo ili mnionee huruma.

Mume wangu hasikii. Ilianza kidogo kidogo, sikio la kushoto, halafu la kulia, na mwaka huu nikajikuta siongei naye tena. Niombe chumvi kwa kupiga kelele, Mbugani nzima isikie, yeye tu asisikie? Nikaacha. Tukawa tunakula kimya kama wageni wawili waliokutana stendi.

Ndiyo maana nikatafuta kimashine cha masikio kwenye lile soko la kwenye simu.

Niseme kosa langu bila kulizungusha. Soko lile ni moja lakini wauzaji ni wengi, kila mtu na ukurasa wake. Mwajuma, nesi aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, amepanga nyumba ya pili, alinionya: "Bibi, mwenye soko siye anayekuuzia. Soma kwanza waliokwisha kununua wanasemaje, na uangalie picha walizopiga wao, si zake." Nikamwambia nimenunua vyungu sokoni Lyulilo tangu yeye hajazaliwa, asinifundishe kununua.

Maneno ya kiburi. Lyulilo unakigonga chungu kwa kidole, unasikiliza, na mama anayekuuzia unajua kwao. Kikivuja, wiki ijayo unamkuta palepale amekaa. Kwenye simu unagonga nini? Kioo.

Basi katika wauzaji wote wale nikamwona mmoja ana jina la baba mkwe wangu. Jina hilo sijalitamka tangu niolewe, na hapa siliandiki. Kwetu mkamwana hamtaji baba mkwe. Enzi zetu ukimwona njiani unaingia migombani mpaka apite. Heshima yote hiyo nikaihamishia kwa mtu nisiyemjua. Sikuuliza kama kuna dhamana. Sikuuliza kama kinarudishwa. Ukweni kunaulizwa hayo? Maoni yalikuwa matatu tu, yote "bidhaa nzuri sana", kama yameandikwa na mkono mmoja.

Niliyaona. Siwezi kusema sikuyaona.

Akapiga simu. "Mugonile, mama!" akanisalimia, Kinyakyusa kimenyooka. Nikalainika kama ndizi iliyoiva. Akasema mzigo ukifika nibonyeze tu pale panapoandikwa nimepokea na nimeridhika, ili naye apate chake. Nikamjibu ndaga fijo, nikashukuru kabla sijaona kitu.

Mzigo ukaja na basi. Mzee akakivaa, akakaa wima, akanitazama.

"Unasikia?" nikamwuliza.

"Nasikia."

Nikabonyeza palepale. Kumbe wenye soko wanaishikilia hela mpaka mnunuzi aseme ameridhika. Komeo ni hilo moja, na mimi nililifungua kwa kidole changu mwenyewe.

Wiki nzima nimeongea. Nilikuwa nimeweka mengi! Nilimweleza dada yake alivyougua, nani kamnunia nani kwenye kwaya, jinsi jirani anavyosogeza mpaka wa shamba hatua kwa hatua akidhani hatuna macho. Yeye anatikisa kichwa. "Ndiyo." "Ndiyo, mama."

Mume wangu hajawahi kunikubalia.

Tangu ujana wetu ni mtu wa kubisha. Ukisema mpunga umekomaa, atasema bado. Jana nikamjaribu, nikamwambia mbuzi wa jirani amepanda kitandani kwako. "Ndiyo," akasema, "vizuri."

Nikakichomoa, nikakitia sikioni mwangu. Nikasikia mvua ya jana kwenye bati, vilevile kama sina kitu sikioni. Mwajuma akakigeuza huku na huku, akasema hiki hakimsaidii mtu kusikia, na hata kingekuwa kizima, masikio hupimwa kwanza. Labda ni nta tu imejaa.

Nta! Sikuwahi hata kufikiri.

Muuzaji simu hapokei tena. Tukaandika malalamiko kwa wenye soko. Wanataka picha ya boksi. Boksi nimewashia moto. Wanataka jina la muuzaji. Mwajuma akanipa simu: "Andika, bibi." Vidole vikagoma.

"Bibi, huyo ni tapeli, si baba mkwe wako! Hata jina huenda si lake."

"Najua! Andika wewe."

Akaandika yeye, mimi nikageukia ukutani. Wamejibu kwamba wataangalia, lakini nilishasema nimeridhika, kwa hiyo hawaahidi.

Ninyi mnaosoma, chekeni, mkimaliza mnisikilize. Mtu kujua lugha yenu si dhamana. Msibonyeze mmeridhika kabla hamjakitumia siku mbili tatu, na anayewaharakisha mbonyeze ana sababu yake. Boksi litunzeni. Na dawa ya mwili wa mtu msiitafute sokoni kabla hamjapita hospitali. Mimi darasa la nne nimeyajua kwa kuumia. Ninyi mmesoma, mna kisingizio gani?

Leo asubuhi nikachukua daftari la kwaya nikaandika kwa herufi kubwa: KWA NINI ULISEMA UNASIKIA? Mzee akatafuta miwani, akasoma.

"Niliona mdomo wako unatembea," akasema. "Miezi yote hii hukuniongelesha. Nikajua nikisema sisikii, utanyamaza tena."

Nikalifunga daftari.

Nilikuwa nimekaa tayari kumkaripia. Nilidhani amenionea huruma kwa ajili ya kile kimashine, au ameona aibu kwa jina la baba yake. Kumbe alikuwa anaogopa kimya changu. Tapeli ametufanyia lake, na Mungu anamwona, lakini kimya hakukileta yeye. Nilikianza mimi, kwa uvivu wa kupaza sauti.

Nimefunga nguo zake kwenye begi. Kesho tunapanda basi la asubuhi kwenda Mbeya, akapimwe na watu ambao masikio ndiyo kazi yao. Wakisema ni nta, sawa. Wakisema hayaponi, nitaandika. Daftari nalibeba mkononi. Njia ni ndefu, na habari ya mpaka wa shamba bado hajanibishia.