Vyura Saba na Kidonda cha Mguu Wangu

Mpendwa mshauri, uniwie radhi kwa kimya cha tangu mavuno. Sikuwa na shida, sasa ninayo, naomba msaada, ingawa moyo unanirukaruka kwa furaha isiyolingana na miaka yangu sabini. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Didia, nina ugonjwa wa sukari, na jembe lilinikata mguu, nao ulikuwa ukisafishwa zahanati na muuguzi Sesilia, niliyemfundisha darasa la kwanza, hadi mjukuu wangu Nelly, anayesoma biolojia chuoni, aliponieleza kwamba ngozi ya chura hutoa vipande vidogo vya protini viitwavyo peptidi, vyenye chaji chanya, navyo huvutwa na utando wa mafuta unaomzunguka bakteria, ambao nje una chaji hasi, vikajipenyeza na kuutoboa mpaka bakteria akavuja na kufa, nami nikacheka peke yangu mchana kutwa, kisha nikaenda jarubani, kwenye maji ya shamba la mpunga, nikakamata vyura saba, nikawatia mtungini, na kila siku humfunga mmoja juu ya kidonda kwa nusu saa, tena nimemwandikia Sesilia barua ya kurasa tatu kumjulisha kwamba simhitaji. Nelly aliposikia alisema, “Babu, nilikusimulia, sikukuagiza.” Mke wangu Paskazia naye anasema, “Baba Boaz, mmoja nimemkuta kwenye unga. Chagua, wao au mimi.” Kidonda kimeanza kunuka kidogo, lakini nadhani ni bakteria wanaovuja. Nikirudi zahanati, nitamtazamaje mwanafunzi wangu? Nikishaamua, nitakuandikia.

Mwalimu Magesa

Mwalimu, shikamoo. Nilikuwa nacheka, nilipofika kwenye “kunuka” nikaacha. Hicho ni kidonda kinachooza kwenye mguu wa mtu mwenye sukari, na miguu ya namna hiyo hukatwa. Nelly hakukosea. Lakini maabara huzitenga peptidi hizo, huzisafisha na kuzipima, kwa sababu zikizidi hutoboa hata seli zako mwenyewe. Chura wako wa jarubani anakuja na tope, na bakteria wake aliokwisha kuzoeana nao.

Aibu hiyo iache. Sesilia, uliyemfundisha kusoma, amezisoma kurasa zako tatu, na nadhani bandeji yako bado ameiweka. Leo, kabla ya chakula cha mchana, vyura warudi jarubani, Paskazia aombwe radhi, nawe upande bodaboda. Umwambie Sesilia walikuwa saba. Usipunguze hata mmoja.

Umeahidi kuniandikia ukishaamua. Barua hiyo iandike ukiwa kwenye benchi la zahanati, unasubiri kuitwa.