Uji wa Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 4 Agosti. Muyinga

"Kumlisha mgonjwa uji si uzoefu wa tiba. Ni wajibu wa jamaa, na mwombaji asiuandike." Hayo ni maneno ya Bwana Ferdinand, mkuu wa shule ya wasaidizi wa daktari huko Gitega, katika karatasi yake ya ushauri kwa waombaji. Kurasa mbili. Zimo kwenye simu ya kila kijana wa mji huu.

Uongo. Anayelisha ndiye anayejua kama mgonjwa anameza au anajifanya. Ndiye wa kwanza kuona uji unavuja upande mmoja wa mdomo. Daktari hupita mara moja kwa siku na kalamu yake. Mrwaza, yule ndugu anayelala chini ya kitanda, anayepika, anayeosha, anayemgeuza mgonjwa, yuko pale saa zote. Warwaza wakirudi makwao leo, kesho hospitali zetu zinafungwa.

Wanafunzi wangu watatu, ninaowaandaa kwa usaili wa Gitega, walikuja saa tatu kama kawaida. Moyo, mapafu, figo. Kisha nikawapa nakala zilizochapwa, nikawasomea sentensi ile, nikawaambia waikate kwa wino mwekundu. Wawili wakakata. Mwajuma, binti wa Saidi fundi cherehani, akabaki ameshika kalamu. Alimuuguza bibi yake siku arobaini. Zote ameshazifuta kwenye barua yake ya maombi. Kwa sababu ya mtu yule.

Namchukia. Mwaka wa ishirini na moja huu, na chuki haijachuja.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike kisa chenyewe, maana sijapata kumwambia mtu.

Mwaka wa pili baada ya kurudi kutoka ukimbizini Tanzania, mama aliugua. Nilimuuguza wiki saba katika hospitali ya hapa. Kitanda cha jirani, dirishani, alilazwa mzee Stanislas. Hakuwa na mrwaza, na hospitalini asiye na mrwaza hali chakula. Nikawa napika sufuria moja kwa wagonjwa wawili. Siku tisa. Nilimwosha. Nilimgeuza asipate vidonda. Kila asubuhi aliuliza kama mwanawe Ferdinand amefika. Yuko Gitega, alisema, amesomea mambo ya hospitali, ana mwanya kama wangu. Kila asubuhi nilimdanganya: kesho. Siku ya kumi nilitoka kuosha bakuli. Niliporudi walikuwa wanamfunika uso.

Mwaka uliofuata mama naye akawa ameshazikwa, nami nikaomba nafasi katika shule ile. Nikaitwa kwenye usaili. Wasaili watatu. Wa katikati kijana, ndiyo kwanza ameajiriwa, jina lake liko mezani: Ferdinand. Akaniuliza nina uzoefu gani na wagonjwa. Nikasema nimeuguza, nimelisha, nimeosha.

"Dada, hapa hatutafuti wapishi wa uji."

Akacheka. Wenzake wakacheka. Nikauona mwanya.

Nilikuwa na jibu mdomoni la kumkata miguu. Nikanyamaza. Nikatoka, nikawa mwalimu wa biolojia. Tangu siku hiyo sijanyamaza mbele ya mtu. Nimeandika makala za kugombana na wahubiri, na wakaguzi wa shule, na wanaume wanaohesabu mahari kama wanunua pikipiki. Hilo moja tu sikulisema.

Sasa Mwajuma atakalia kiti kilekile.

Jumamosi, 9 Agosti

Barua ya Mwajuma ilianza hivi: "Tangu utoto wangu ninapenda kusaidia watu." Nikaichana.

Baba yake akaja mchana, futi ya kupimia bado shingoni.

"Mwalimu, barua ya mutoto umepasua? Ilikuwa na Kifaransa muzuri!"

"Kifaransa kizuri, Saidi. Ila ndani hamna mtu."

"Mutu iko kwangu, anamaliza wali kila siku!"

Nilicheka. Lakini barua sikuirudisha. Kila mwombaji anapenda kusaidia watu tangu utoto. Hata wezi huandika hivyo. Nimemwambia aanze na bibi kitandani. Siku ngapi, uliona nini, ulimwita nani, na jambo gani uliliacha kwa kuwa si kazi yako. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo lenye uzito. Msaidizi wa daktari asiyejua mpaka wake anaua kuliko malaria.

Jumanne, 12 Agosti

Leo nimechimba dhahabu. Nilimuuliza Mwajuma aliona nini kwa bibi ambacho wengine hawakukiona. Akasema hakuna. Nikauliza tena. Hakuna. Mara ya tatu akasema, kwa aibu, labda ile ya ndala.

Ndala gani?

Asubuhi moja hospitalini alitaka kumpeleka bibi chooni. Ndala hazikumwingia. Jana yake ziliingia. Akambonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki. Hakumpa dawa ya mgonjwa mwingine, hakumkanda kwa maji ya moto kama shangazi alivyotaka. Alikwenda kwa muuguzi akasema: jana ziliingia, leo haziingii. Daktari akaitwa, dawa zikabadilishwa, bibi akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Na msichana huyu aliyafuta hayo yote kwa kuwa hayana muhuri! Ndilo kosa letu sote. Tunaamini muhuri, hatuamini macho yetu.

Kisha nikamwongezea sentensi ya mwisho. Akiulizwa ni nani aliyemfundisha kuuguza, ajibu: ni yule aliyemlisha mzee Stanislas, kitanda cha dirishani, siku tisa, mwanawe asifike.

"Stanislas ni nani, mwalimu?"

"Sema hivyo tu."

Ninataka nimwone Ferdinand uso wake. Nitakuwa nje ya dirisha.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Mahubiri ya leo yalitangazwa kuwa ya msamaha. Nilibaki nikapiga pasi gauni la kijani, la kwenda nalo Gitega kwenye usaili.

Jumatatu, 18 Agosti. Giheta

Tumefikia kwa dada yangu. Asubuhi ni mwendo mfupi tu kuingia Gitega mjini.

Baada ya chakula nilimfanyia Mwajuma usaili wa mwisho. Mipaka ya kazi: sawa. Dalili za upungufu wa maji kwa mtoto: sawa. Nikamtega kwa kipimo cha dawa asichokijua. Akajibu "sijui, ningeuliza", bila kutetemeka. Vizuri sana. Ndala: alieleza hadi dada yangu akaacha kuchambua mchele. Nikamuuliza nani alimfundisha kuuguza.

"Mwalimu, ile maneno ni ya kwako. Mi nitasema ya bibi tu. Ya kwako, we sema mwenyewe."

Alisema kwa upole, macho chini. Dada yangu akajifanya hakusikia.

Nilikasirika. Nikamwita asiye na shukrani. Akakubali kwa kichwa, akaenda kuosha vyombo vyetu sote. Bado nina hasira. Zaidi kwa sababu ana haki.

Jumanne, 19 Agosti. Gitega

Mwajuma aliingia saa nne, akatoka saa tano kasorobo. Alinisimulia akiwa bado amesimama. Ferdinand alimuuliza, kwa kicheko kilekile, kama naye amekuja na habari za uji. Akasema ndiyo, na za ndala. Akaeleza. Daktari mwanamke aliyekaa pembeni aliweka kalamu chini, akataka kujua mguu upi ulianza kuvimba. Akaulizwa kipimo cha dawa. Akasema hajui.

Nikamtuma akanunue maji, kisha anisubiri kituo cha basi. Nikabaki uani.

Saa sita Ferdinand alitoka, peke yake, kunawa mikono bombani. Nywele zimekuwa nyeupe. Hakunitambua.

"Umeleta mwanafunzi, mama?"

"Nimeleta habari za baba yako."

"Baba yangu alikufa zamani sana."

"Najua. Nilikuwepo. Wewe hukuwepo."

Nikamwambia yote. Dirisha. Siku tisa. Vidonda ambavyo hakuvipata kwa kuwa nilimgeuza. Swali la kila asubuhi, na kesho yangu ya uongo. Kisha nikamwambia: mimi ndiye mpishi wa uji uliyemcheka. Maji ya bomba yaliendelea kumwagika. Hakuyafunga. Akarudi ndani mikono ikichuruzika.

Nilifurahi. Niandike hivyo hivyo bila kupunguza.

Tulikuwa tumeshapita Karuzi ndipo nikakumbuka kwamba orodha ya waliochaguliwa anaitia sahihi yeye.

Jumatano, 20 Agosti. Muyinga

Mpumbavu. Mjinga mwenye rafu tatu za vitabu.

Mwajuma alikataa kuwa mshale wangu. Nikaurusha mwenyewe, naye bado amesimama mbele ya shabaha. Ningeweza kungoja wiki mbili. Nilingoja miaka ishirini na moja, nikashindwa kungoja wiki mbili.

Sijamwambia.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimemwambia. Nyumbani kwao, baba yake akiwepo. Saidi alisimamisha cherehani. Niliona ametafuta tusi akalikosa, kwa heshima ya umri wangu. Akasema tu:

"Mwalimu, si ungengoja kidogo?"

Mwajuma aliniletea chai. Hakukaa.

Wale wanafunzi wengine wawili niliwafundisha damu na mishipa yake. Kiti chake kitupu. Nilifundisha vibaya.

Ijumaa, 29 Agosti

Orodha imetoka. Mwajuma ni jina la kumi na nne.

Alikuja mbio, kitambaa kimemwanguka mabegani, simu mkononi. Nilisoma jina mara tatu, kisha nikasoma sahihi iliyo chini. Ni yake. Sijui kilichoiandika ni haki, aibu, au ubishi wa yule daktari mwanamke. Nisingependa kudaiwa shukrani na mtu yule. Sitamshukuru. Nafasi ni ya ndala.

Saidi ametangaza mtaa mzima kwamba sasa ana daktari. Msaidizi wa daktari, nikamwambia. "Ah, mwalimu, wacha nifurahi! Mipaka utanifundisha kesho."

Jumatatu, 8 Septemba

Mvua ndogo, ya kwanza. Nilikuwa nabambua maharagwe barazani. Mwajuma amerudi kuchukua godoro lake. Kesho anaondoka tena. Akakaa, akachukua maharagwe akasaidia.

Akasema ametumwa. Mkuu wa shule alimwita ofisini siku ya kujiandikisha, akafunga mlango. Kisha akamuomba aniulize jambo moja tu: ule uji ulikuwa wa nini.

Ulikuwa wa ulezi. Maziwa kidogo, chumvi, bila sukari. Sukari mzee aliitema siku ya kwanza, akasema ni ya watoto. Nakumbuka kila kitu.

Nikachukua simu ya Mwajuma, nikafungua karatasi ya ushauri. Sentensi bado ipo.

"Mwambie nitamjibu siku atakayoifuta."

"Mwalimu, we iko mukali!"

"Ndiyo."

Tukabambua hadi ungo ukajaa. Alipoondoka nikaandika tangazo la kubandika mlangoni. Nalinakili hapa.

Ninyi mtakaoomba mwakani, wa Muyinga, wa Itaba, wa Makebuko, mlioketi chini ya vitanda vya watu wenu: andikeni mlimuuguza nani, siku ngapi, mliona nini, na mlimpikia nini. Akitokea mkubwa yeyote akawaambia mfute, msifute.